Chema Hakijiuzi: Kwa Nini Kura Yangu Ni ya Dodoma

Wenzangu wa kijiweni,

Siku ile ya kura mlinigeukia mkasubiri niseme neno. Mimi nikainama kama mtu anayefunga kamba za viatu. Bahati mbaya nilikuwa nimevaa kandambili. Mlicheka, mambo yakapita. Leo nataka kulisema lile neno, na nimeamua kulisema humu jaridani mbele ya watu, maana kijiweni mnanikatiza.

Kwanza nimweleze msomaji asiye wa kwetu. Sisi ni waandishi chipukizi kumi na mmoja, wengi wetu tumeishia kidato cha nne, na tunakutana kila Jumamosi nyuma ya stesheneri moja hapa Dar. Kwa miaka miwili tumetunisha kibubu: fedha za kuandikia watu risala za harusi, fedha za kuchapa barua za maombi ya kazi, na vijisenti vya jarida hili hili ambalo wewe msomaji unaliazima badala ya kulinunua. Tulikubaliana kwamba kibubu kikijaa tutakwenda likizo moja, siku tano, mwishoni mwa Agosti, mahali penye mashamba ya mizabibu. Tukae, tutazame, tuandike. Majina mawili yakabaki mezani. La kwanza Stellenbosch, kule Sauzi, jirani na Cape Town. La pili Dodoma.

Kura zikawa hivi: saba Sauzi, tatu Dodoma, moja haikupigwa. Katiba yetu inataka theluthi mbili, yaani kura nane. Kwa hiyo mwisho wa mwezi tunarudia, na ile kura moja iliyolala ndiyo itakayoamua. Kura hiyo ni yangu. Tangu siku ile nimenunuliwa soda na watu ambao hawajawahi kuninunulia hata maji.

Nasema wazi: soda nimekunywa, kura naipeleka Dodoma. Na sababu zangu si zile mnazozidhania.

Waliotetea Sauzi walisema kwa ufasaha, sina ubishi. Mmoja wetu alisimama akatoa methali, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," akapigiwa makofi kama mbunge. Maana yake ilikuwa kwamba Stellenbosch haihitaji mpiga debe, jina lake tu linatosha, wakati Dodoma ndiyo inayobembeleza. Basi nikaenda nyumbani na methali hiyo kichwani, nikaikagua kwa usiku kadhaa. Nawaambieni, methali ni tamu, lakini hapa imetumika kudanganya.

Hakuna mvinyo duniani uliojiuza. Mvinyo wa Cape umeuzwa, tena umeuzwa kwa maneno, kwa zaidi ya miaka mia tatu. Jan van Riebeeck, yule Mholanzi wa kampuni ya biashara ya Mashariki, alipanda mizabibu Cape mwaka 1655, na zabibu za kwanza zikakamuliwa Februari 1659. Mwaka 1679 gavana Simon van der Stel akaanzisha makazi akayapa jina lake mwenyewe: Stellenbosch, yaani pori la van der Stel. Mwaka 1688 wakaja Waprotestanti wa Kifaransa waliokimbia mateso kwao, wakapewa bonde ambalo hadi leo linaitwa Franschhoek, kona ya Wafaransa. Tazameni majina hayo vizuri. Kila moja ni tangazo. Ukisoma jina tu, umeshaambiwa nani mwenye mali.

Halafu wakaja waandishi, ndugu zetu wa kalamu. Katika riwaya ya Jane Austen, Sense and Sensibility, iliyotoka mwaka 1811, kuna msichana amevunjwa moyo na mwanamume, na mama mmoja mwenye huruma analeta glasi ya mvinyo wa Constantia ili kumtuliza. Constantia ni shamba la Cape. Mwandishi wa Uingereza, ambaye hakuwahi kufika Afrika, alilitaja bila hata kulieleza, kwa sababu alijua wasomaji wake wanalijua. Huko ndiko kujiuza kwenyewe. Chema kilipata jina, kikapata gavana, kikapata meli, kikapata riwaya. Mwaka 1971 Stellenbosch wakapanga njia maalumu ya watalii, shamba kwa shamba, onja hapa, onja pale. Leo kule Franschhoek kuna tramu inayokuzungusha mashambani ukiwa na glasi mkononi. Afrika Kusini ina zaidi ya hekta 80,000 za zabibu za mvinyo na imo kati ya wazalishaji wakubwa duniani. Mimi siwezi kusema mali yao ni mbaya. Nasema tu kwamba imetembezwa sana mpaka ikafika hata kijiweni kwetu, nyuma ya stesheneri, kwa watu ambao wengi wao hawajawahi kuionja.

Lakini katika hotuba zote zile sikusikia hata mtu mmoja akiuliza: ni nani aliyechuma?

Tusidanganyane. Mashamba yale hayakulimwa na magavana. Kuanzia mwaka 1658 meli zilishusha watumwa Cape kwa mamia, na karne ile na iliyofuata wakaletwa watu kutoka Bukini, India, visiwa vya Indonesia na pwani ya Msumbiji, hiyo hiyo bahari yetu tunayoogelea sisi Jumapili. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1834, lakini waliofunguliwa wakalazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana zao hadi 1838, eti wanajifunza kazi. Kazi gani waliyokuwa hawajaijua?

Kisha kuna jambo ambalo nilipolisoma sikula usiku ule. Kwa miaka mingi wafanyakazi wa mashamba ya mizabibu walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo. Walipewa vikombe mara kadhaa kwa siku, kuanzia asubuhi. Waliuita mtindo huo "dop". Sheria iliukataza miaka ya 1960 mwanzoni, lakini uliendelea kichinichini mpaka miaka ya 1990. Ulevi ukawa urithi wa familia. Hadi leo jimbo lile limo kati ya sehemu zenye viwango vya juu kabisa duniani vya watoto wanaozaliwa na madhara ya pombe aliyokunywa mama.

Na msiniambie hayo ni ya kale. Mwaka 2011 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu hali ya wafanyakazi wa mashamba ya matunda na mvinyo huko huko Western Cape. Novemba 2012 wachumaji wa zabibu wa De Doorns waligoma, mgomo ukasambaa mji hadi mji hadi Januari 2013. Walikuwa wanalipwa kima cha chini cha randi 69 kwa siku. Kuanzia Machi 2013 kikapandishwa kuwa randi 105. Picha za kwenye kalenda, ile milima ya buluu na nyumba nyeupe za Kiholanzi, hazina mtu mwenye mkasi mkononi. Wamemtoa kwenye picha.

Sasa mtasema, "Basi hiyo ndiyo sababu ya kwenda, tukaandike habari zao." Hapo ndipo nilipokwama siku nyingi, kwa sababu ni hoja nzito. Lakini nauliza kwa upole: katika siku tano, tukiwa wageni, bila lugha yao ya Kiafrikaans wala ya Kixhosa, tungemwona mchumaji yupi? Tungeona meza, glasi, na mhudumu anayetabasamu kwa sababu ndiyo kazi yake. Tungerudi na picha. Na kila mmoja angeandika sentensi ile ile: "Milima ya buluu ilijitokeza." Imeshaandikwa hiyo.

Sasa nakuja kwenye lile neno lililonifanya nifunge kandambili.

Mnajua natoka Dodoma. Nimewaambia ni "mjini, karibu na Bunge." Uongo. Nimezaliwa kijijini, upande wa Mpunguzi, kusini ya mji. Baba yangu ni mkulima wa zabibu. Ana ekari moja na nusu ya zabibu nyekundu, aina ya Makutupora, jina la mahali palipo kituo cha utafiti wa zao hilo, na mistari michache ya nyeupe. Mimi nimeshika mkasi wa kupogolea kabla sijashika kalamu ya wino. Najua jinsi ya kulaza tawi kwenye waya. Najua harufu ya dawa ya ukungu inavyokaa kwenye shati hata likifuliwa mara tatu. Miaka yote hii kijiweni sijasema.

Kwa nini sikusema? Mnajua kwa nini. Hapa Dar ukisema wewe ni Mgogo, kabla hujamaliza sentensi mtu amekinga kiganja kama ombaomba, na watu wote wanacheka, na wewe unacheka zaidi yao ili yaishe. Nilicheka miaka minane. Mtu akinisalimia "Mbukwenyi!" kwa utani, nilijifanya sijasikia. Kwa hiyo mlipoanza kusema "Dodoma kuna nini, vumbi tu," nilijua kuna nini, na nikainama.

Kuna kitu kingine cha aibu zaidi. Mnakumbuka sherehe ya mwenzetu aliyepata kazi, ile ya mwaka jana? Palikuwa na chupa moja ya mvinyo mweupe wa Sauzi. Mimi nilimiminiwa, nikazungusha glasi kama nilivyoona kwenye sinema, nikasema, "Aisee, haya ndiyo mambo. Unasikia tunda kwa mbali?" Mkanitazama kwa heshima. Nilikuwa nimesoma karatasi ya kwenye chupa. Na kwenye karatasi hiyo hiyo palikuwa pameandikwa aina ya zabibu: Chenin Blanc. Basi Chenin Blanc inalimwa Dodoma. Ndiyo ile mistari michache ya Baba, ambayo sisi nyumbani tunaiita "ile nyeupe". Nimeila toka shamba mpaka ikaniuma tumbo nikiwa na miaka saba. Nilisimama pale nikaisifia kama mgeni mbele ya watu, kwa sababu ilikuwa imevaa jina la kwingine.

Ndiyo maana nasema tatizo letu si kukosa mahali pazuri. Macho yetu ni ya kuazima. Tunasubiri kwanza mtu mwingine apaone mahali, apaandike, apapige picha, abandike karatasi, ndipo na sisi tupaone. Kwa mtu wa kawaida hilo si kosa kubwa. Kwa mtu anayejiita mwandishi ni ugonjwa.

Haya, Dodoma kuna nini?

Kuna mizabibu inayozaa mara mbili kwa mwaka. Nawaomba wale saba wasome sentensi hii polepole. Cape, kama sehemu nyingi za dunia zenye mvinyo, wanavuna mara moja, takriban Januari mwishoni hadi Aprili. Mwezi wa Agosti kwao ni baridi na mvua, mizabibu imelala, imebaki vijiti vitupu. Mmepiga kura kwenda kutazama vijiti! Dodoma tunavuna Februari na Machi, kisha tena Agosti na Septemba. Kwenye wiki tuliyopanga sisi, mashamba ya Hombolo, Bihawana na Mpunguzi yatakuwa na watu tangu alfajiri, vichane vimeinama mpaka vinagusa mchanga.

Kuna historia, kama ni historia mnayotaka. Mizabibu ililetwa na wamisionari wa Kikatoliki katikati ya karne ya 20, maana padri hawezi kusoma misa bila divai. Baadaye wakulima wakaichukua, wafungwa wa Isanga wakailima, vijana wa JKT Makutupora wakailima. Hebu tazameni hata maneno. Mvinyo tumelipata kwa Wareno, divai kwa Wafaransa, waini kwa Waingereza, na zabibu yenyewe ni jina la Kiarabu. Majina manne, na yote ya wageni, kwa tunda linaloota kwenye mchanga wa baba yangu. Mwandishi gani asiyewashwa na jambo kama hilo?

Na jina la mji je? Stellenbosch ni jina la gavana. Dodoma, wazee wa Kigogo wanasimulia, ni pale tembo alipokuja kunywa maji akadidimia matopeni, watu wakasema amezama, idodomya. Chagueni wenyewe ipi ni hadithi.

Kuna mibuyu minene ambayo haijawahi kumwomba mtu ruhusa. Kuna michoro ya mapangoni kule Kolo, Kondoa, ambayo UNESCO waliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2006, na wengi wetu tumeiona kwenye kitabu cha historia cha kidato cha kwanza halafu basi. Kuna nyama ya kuchoma mnadani Msalato. Kuna ugali wa uwele na mlenda, na yule anayechukia mlenda kijiweni ninamjua, nitamkalisha jirani na Mama. Kuna zeze na marimba ya mikono ya Kigogo, sauti ambayo Hukwe Zawose aliipeleka mpaka Ulaya kabla hajafariki mwaka 2003. Yeye hakusubiri kibali. Alichukua alichokirithi kwao akakipeleka mbele ya watu, watu wakanyamaza wakasikiliza.

Lakini subirini. Msije mkadhani nimehamia kambi ya wale watatu waliopiga kura Dodoma. Nao nina neno nao.

Wao walisema, "Tuthamini cha nyumbani, tuwe wazalendo." Maneno mazuri, yanafaa kwenye fulana. Baba yangu ameyasikia maneno hayo kwa miaka mingi kutoka kwenye majukwaa. Mwaka 2016, nikiwa kidato cha tatu, mnunuzi mmoja alituambia msivune, lori litakuja Alhamisi. Alhamisi ikapita. Jumatatu akaja mtu na kidude cha kupimia sukari, akakamua tone moja, akatikisa kichwa, akasema zimezidi kuiva, bei nusu. Baba akakataa kwa heshima, akiamini atakuja mwingine. Hakuja. Zabibu zikapasuka, nyuki wakaja, halafu nyigu, halafu harufu. Usiku ulikuwa unanukia siki hadi ndani ya chandarua. Fedha yangu ya hosteli ilikuwa kwenye mistari ile. Nilitembea kilomita tisa kwenda na tisa kurudi muhula mzima, na matokeo yangu mnayajua.

Huyo mnunuzi hakuwa Mholanzi. Alikuwa mzalendo kama sisi.

Kwa hiyo msinipe Dodoma ya fulana. Serikali imeweka ushuru mdogo kwa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za humu nchini kuliko ule wa kutoka nje, na hilo ni jema. Lakini ushuru haumlazimishi mtu kuja Alhamisi. Mkulima wa Dodoma haitaji kusifiwa na sisi. Anahitaji kuonekana, na bei yake ijulikane, na mtu aliyemwahidi lori akumbukwe. Tukienda Dodoma kupiga picha tumekumbatia chupa na kuandika "nyumbani ni nyumbani", bora fedha turudishiane.

Mimi nasoma sana, mnanijua, mpaka karatasi za kufungia vitumbua. Sijawahi kukutana na riwaya ya Kiswahili ambayo ndani yake kuna mtu anayesubiri lori la zabibu. Kama ipo, nileteeni, nitaomba radhi. Msichana wa Kiingereza alituliziwa moyo kwa mvinyo wa Cape mwaka 1811. Kijana wa Mpunguzi amevunjika moyo kando ya zabibu zenyewe, na hakuna aliyemwandika, hata yeye mwenyewe. Hasa yeye mwenyewe. Alikuwa anaandika riwaya ya mpelelezi wa London, sura ya tisa, na hajui London inanukiaje. Mnaijua riwaya hiyo, niliwasomea.

Sasa nijibu mawili matatu yaliyobaki.

Mmoja alisema, "Mwandishi lazima atoke, tembea uone." Kweli kabisa. Lakini methali haikusema tembea mbali. Wangapi kati yetu kumi na mmoja wamefika Dodoma zaidi ya kununua kichane cha zabibu dirishani mwa basi wakielekea Mwanza? Niliuliza kimya kimya nikahesabu. Wawili, na mmoja alikuwa amelala.

Wa pili, dada yetu, alisema, "Mimi ni Mwislamu, kote mnakokwenda ni ulevini, mimi sitii mguu." Ana haki, na katika mjadala wote yeye peke yake ndiye aliyezungumza jambo la maana kuhusu mvinyo. Dada, kule Sauzi njia ile yote imejengwa juu ya kuonja. Usipoonja unakaa nje na mkoba wa wenzako. Kule kwetu utaingia shambani kama mtu yeyote, utakula zabibu zenyewe, na wapo majirani zetu Waislamu wanaozilima na kuziuza mbichi sokoni. Na hakuna atakayelazimishwa glasi. Baba mwenyewe hanywi. Anasema anajua kilichomo.

Wa tatu alileta hesabu, na hesabu ndiyo inayoniuma kuliko zote. Mtunza hazina alisema kibubu kinatosha watu wanne kwenda Sauzi kwa ndege, kwa sababu mmoja wetu ana binamu yake Cape Town wa kutulaza. Wanne! Waliobaki saba watasubiri kusimuliwa. Yaani watu saba mmepiga kura kwa furaha, na kwa hesabu zenu wenyewe, hata wakienda wanne wa kwenu, watatu kati yenu mnabaki Dar. Kwa fedha hiyo hiyo kumi na mmoja wote tunapanda treni ya umeme, ile iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, na inabaki ya kula.

Naleta basi pendekezo, liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Twende Dodoma wiki ya mwisho ya Agosti. Asubuhi ya kwanza tuchume, kila mtu kreti moja, tena ijae. Mtakapoona mgongo unavyouma mtaacha kuandika kwamba zabibu "ziling'aa kama lulu". Siku ya pili tukae na wakulima tuwaulize bei ya mwaka jana na ya mwaka juzi, nani alikuja, nani hakuja. Siku ya tatu twende kiwandani, watuoneshe tunda linavyogeuka, na tumuulize mwenye kiwanda naye, maana huenda ana lori lake lililomharibikia na ana hadithi yake. Siku ya nne Kolo. Siku ya tano kila mmoja alete kurasa mbili. Toleo lijalo la jarida hili liwe la zabibu tupu.

Na Stellenbosch tusiifute. Iwekwe kwenye kibubu kijacho. Siku tutakayokwenda tutakuwa tumeshachuma, na tukifika tutajua cha kuuliza. Tutampita mhudumu mwenye tabasamu, tutamtafuta mwenye mkasi, na tutamwonesha mikono yetu. Hapo lugha haitakuwa kikwazo kikubwa.

Fanyeni haraka, hata hivyo. Mji unapanuka. Jirani yetu wa upande wa barabarani ameng'oa mizabibu yake yote akauza viwanja. Pale nilipokuwa nafukuza ndege kwa kopo na mawe kuna mtu anajenga ukuta. Siwezi kumlaumu jirani, alisubiri lori mara nyingi kuliko sisi.

Juzi nilimpigia Baba simu. Nikamwambia, "Baba, kuna rafiki zangu wanataka kuja kuona shamba."

"Wangapi?"

"Kumi."

Akanyamaza, nikasikia kuku nyuma yake. "Hao ndio waandishi?"

"Ndiyo Baba."

"Umewaambia kwamba ni shamba letu?"

Nikasema ndiyo. Ulikuwa uongo, lakini sasa mmelisoma, kwa hiyo deni nimelilipa.

"Basi waje na kofia, mwanangu," akasema. "Na mikasi. Mimi ninayo miwili tu."

Ndugu wajumbe, kura yangu mmeiona. Saba mmebaki saba. Naomba kutoa hoja.